Mwalimu wa Kifaransa na Dereva wa Lubumbashi

Siku mliyoniaga pale shuleni mliniomba niseme neno la hekima, nikawaambia wali unapoa. Hamkufurahi. Sasa nimestaafu, kuku wangu hawahitaji kufundishwa, na mkono bado unashika kalamu, basi naandika nilichopaswa kusema siku ile. Vyeo na mishahara sitavitaja. Hivyo viko kwenye faili. Nitawaeleza miaka ya sabini nilipoanza, kwa kuwa yaliyofuata yalikuwa ni kurudia tu, kila mwaka kwa sauti kubwa zaidi.

Nilisomea Kifaransa na ualimu chuo kikuu, Dar es Salaam. Darasa letu lilitosha kwenye mabenchi mawili. Wenzangu wengine walitaka ubalozi, wengine walitaka hoteli za watalii, na mmoja alisema wazi kwamba alitaka kuona theluji. Mimi nilitaka kufundisha. Mhadhiri wetu alitoka Afrika Magharibi, mtu mrefu asiyecheka, na kazi yake ya kwanza kwangu ilikuwa herufi r. Mimi ni Mnyakyusa wa milimani, juu ya Tukuyu. Lugha yangu ya nyumbani haina r. Nilikuwa nimeipata ya Kiswahili kwa viboko vya shule ya msingi, na sasa nilidaiwa nyingine, ya kooni. Mhadhiri alinipa glasi ya maji akaniambia nisukutue huku nikitamka. Nilisukutua muhula mzima. Wenzangu bwenini walidhani naumwa.

Nilipokwenda likizo baba yangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa, aliniuliza, "Subilaga mwanangu, hao Wafaransa wanakuja lini?"

"Hawaji, tata."

"Sasa utaongea na nani?"

Nilimwambia kuna Zaire, kuna Burundi, kuna nchi nyingi tu za Afrika. Alitikisa kichwa kwa upole, kama anavyotikisa mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe wake atazaa mbuzi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa sekondari ya wasichana Iringa. Basi liliniteremsha Ipogolo, chini kabisa, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, mimi na sanduku la bati na koti la kuazima. Mji uko juu ya mlima. Nilipanda na lori la mbao, nikafika shuleni nina vumbi la msumeno kwenye nywele. Mkuu wa shule, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, alinitazama kwa furaha kubwa.

"Karibu sana! Tumemsubiri mwalimu wa jiografia mwaka mzima."

Nilimwonyesha barua yangu. Akaisoma mara mbili, akaikunja. "Basi utafundisha vyote viwili," akasema. "Ufaransa nayo si ipo kwenye ramani?"

Vitabu vya Kifaransa vilikuwa vinne, na kimoja kililiwa na mchwa hadi somo la sita. Nilikuwa na kinasa sauti cha mikanda kilichokunywa betri kama mlevi, na redio ya mawimbi mafupi. Kila alasiri, wasichana wakiwa shamba la mahindi, mimi nilikaa stoo nikitafuta kituo cha Zaire. Nikikipata nilinasa dakika tano za taarifa ya habari, kisha nikazichapa kwenye stensili na kuzungusha mashine ya kurudufu mpaka bega likaniuma. Siku ya kwanza darasani nilicheza ule mkanda. Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo mtu yupo kweli?"

"Yupo. Anasoma habari."

"Mbona anaongea kama anagombana na bata?"

Walicheka, na mimi nikacheka, nikajua nimepona. Lakini swali la maana lilikuja wiki ya pili, nalo lilikuwa lile lile la baba: Kifaransa ni cha kufanyia nini? Taifa linajitegemea, kila mtu ana jembe, na sisi tunajifunza kuagiza mkate Paris. Niliwajibu kwa maneno ya chuo, maneno marefu. Waliyaandika kwenye madaftari kwa adabu. Hawakuyaamini, wala mimi sikuyaamini sana.

Aliyenifundisha kazi pale alikuwa mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu Mhapa, Mhehe aliyekaribia kustaafu, mwembamba kama mwanzi. Mfukoni alibeba daftari dogo, na humo aliandika kila kosa alilosikia kwa wanafunzi. Hakuwa anaandika ili awaadhibu. Aliandika kosa, akaandika nani kalisema na anatoka wapi, kisha akakaa nalo siku mbili tatu kabla ya kulisahihisha. Nilidhani ni uzee.

Muhula wa pili msichana wa kidato cha pili, Editha, alikwenda kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa. Alisema amepata barua, baba yake amepata mahali. Wakati huo watu walikuwa wanahamia vijiji vipya, na kupata mahali pa kujenga lilikuwa jambo la kushukuru. Mkuu wa shule akampongeza, akampa ruhusa ya wiki mbili akasaidie kuhama. Tulikuwa mlangoni, mimi na Mwalimu Mhapa, msichana alipotoka. Mzee akamsimamisha.

"Mwanangu, baba amepewa kiwanja au amepewa ng'ombe?"

Editha akatazama chini. "Ng'ombe, mwalimu."

Kisha akaanza kulia. Alikuwa anasema mahari. Kwao, kama kwetu, r na l ni mtu na nduguye, na mtoto alikuwa amemweleza mkuu wa shule kwa uaminifu kwamba anakwenda kuozwa, naye amepongezwa. Kesho yake Mwalimu Mhapa alipanda basi na barua ya shule kwenda kuongea na yule baba. Alikaa huko siku tatu, akarudi na homa na kibali. Editha alimaliza kidato cha nne.

Nilimuuliza mzee amejuaje. "Sikujua," alisema. "Niliuliza. Wewe binti umesoma sana, utakuwa na haraka ya kusahihisha. Kabla hujamsahihisha mtu, hakikisha kwanza umemsikia." Nilinunua daftari dogo wiki ile ile.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa Mbeya, shule nyingine ya wasichana. Nilifurahi kuwa karibu na nyumbani, na kulala nikisikia malori yakishuka kutoka Tunduma. Yalitoka Zambia na mengine Zaire, yakienda bandarini. Kwa karibu miaka miwili yalikuwa ni kelele tu.

Siku moja katikati ya kipindi karani wa mahakama alifika kwa baiskeli. Kulikuwa na mshtakiwa kutoka Zaire, akasema, na hakimu ameambiwa shule yetu ina mtu wa Kifaransa. Nilivaa gauni langu zuri. Nisiwafiche, nilitembea kwenda mahakamani nikijiona balozi.

Mshtakiwa aliitwa Ilunga, dereva wa Lubumbashi, mtu wa miaka arobaini hivi, mkono mmoja umefungwa bendeji. Lori lake lilikuwa limeanguka kwenye mteremko nje ya mji. Shemeji yake Kazadi, aliyekuwa akisafiri naye, alikutwa amelala hatua kumi kutoka kwenye gari, kichwa kimepasuka, hana fahamu. Alikuwa bado hospitalini, hajafumbua macho. Watu wa hoteli moja barabarani walisema waliwasikia wawili hao wakigombana wakila. Na Ilunga mwenyewe alikuwa ametoa maelezo kwa polisi, kwa Kiswahili, yakaandikwa: "Nilimtosa nje ya gari." Yaani alimtupa. Shitaka lilikuwa kujeruhi vibaya. Kama Kazadi angefariki, lingekuwa lile jingine, la kamba.

Hakimu alikuwa kijana bado, mwenye miwani na mafua. "Ndugu Mwalimu," akasema, "maelezo yake ni ya Kiswahili, lakini leo haeleweki vizuri. Muulize kwa Kifaransa ilikuwaje."

Nikasimama wima. Nikamuuliza kwa Kifaransa safi kabisa, chenye vitenzi vya heshima ambavyo mhadhiri wangu angevipigia makofi, na r zote zikatoka kooni. Ilunga akasema taratibu, "Mama, ile Kifaransa ya bapadri, miye nilisoma myaka mbili tu."

Mahakama ilicheka. Hata askari alicheka. Hakimu akapenga kamasi akasema, "Basi, Mwalimu, tumekusumbua bure." Nikachukua mkoba wangu. Miaka mitatu ya chuo kikuu, glasi zote zile za maji, na mtu mmoja tu aliyehitaji Kifaransa changu hakukihitaji.

Nilikuwa nimefika mlangoni pale karani alipomsomea Ilunga maelezo yake. "Ulisema, nilimtosa nje ya gari. Ni kweli?"

"Ni kweli!" Ilunga alijibu kwa sauti kubwa, machozi yakimtoka. "Nilimutosha! Mungu anajua nilimutosha, na hii mukono ilivunjika sababu ya kumutosha!"

Nikasimama. Nimewaona watu wakikiri makosa. Wanafunzi wangu walikiri kila siku. Hakuna anayekiri kosa kwa uso ule. Uso ule ulikuwa wa mtu anayedai shukrani. Halafu nikasikia sauti yenyewe. Karani alisoma nilimtosa. Yeye alisema nilimutosha. Kwetu kutosha ni kufikia kiasi, chai inatosha, chumvi inatosha. Mtu humtosha mtu vipi?

Nilirudi mbele bila kuitwa. "Mheshimiwa, naomba nizungumze na mshtakiwa, si kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili chake."

"Mwalimu, sote hapa tunajua Kiswahili."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Chetu."

Alinitazama, akatazama jalada. Akaahirisha kesi kwa siku mbili na kuniruhusu nikae na mshtakiwa mbele ya karani.

Nilikwenda mahabusu na daftari langu. Sikumuuliza habari za ajali hata kidogo. Nilimuuliza habari za nyumbani. Asubuhi mkeo anafanya nini? "Anaenda ku kisima, anatosha mayi." Mtoto akiumwa jino? "Tunamupeleka ku lopitali, banatosha lile jino." Nguo zikiwa sandukuni? "Tunazitosha." Kila mara nililiandika neno, nikamwomba anionyeshe kwa mkono. Mkono ule mzima ulikuwa ukivuta kitu kutoka ndani kwenda nje, kwa uangalifu, kama mtu anayetoa kifaranga kwenye kikapu. Nikamuuliza kwa Kifaransa, neno moja tu safari hii: "Sortir?"

Uso wake ukafunguka. "Eee, mama! Sortir! Ndiyo ile ile!"

Kutoa. Alikuwa amemtoa. Gari liliporuka barabara na kulala ubavu, yeye alitoka kwanza, akasikia harufu ya mafuta, akarudi ndani na kumburuta shemeji yake kwa mabega hatua kumi, mkono umevunjika. Kisha akakaa barabarani kusubiri msaada, na msaada ulipofika ukamtia pingu. Na ule ugomvi hotelini? "Alikula nyama yangu," Ilunga alisema, akaanza tena kulia. Karani alikuwa ameacha kuandika zamani.

Siku ya kesi nilieleza yote. Mwendesha mashtaka, mkaguzi mmoja wa polisi makini sana, hakuniita mwongo. Alisema jambo baya zaidi, kwa sababu lilikuwa la haki. "Mheshimiwa, Mwalimu amekaa na mshtakiwa mchana mzima. Tutajuaje kama amelisikia neno hili au amemfundisha? Kazi yake ni kufundisha."

Nilisimama na daftari langu mkononi nikaona lilivyo dogo. Ilunga alinitazama mimi badala ya hakimu, na hilo ndilo lililoniumiza. Kisha, kutoka nje, lori likapiga honi.

"Mheshimiwa," nikasema, "pale maegesho ya malori wapo wengine. Sijaongea nao. Mkaguzi mwenyewe akachague mmoja."

Mkaguzi akaenda mwenyewe. Alirudi na dereva mzee mwenye tumbo, aliyekuwa akilalamika njia nzima kwamba mandazi yake yamebaki juu ya boneti. Hakimu alikuwa ametufanya wote tunyamaze. Alichukua kitabu cha sheria mezani, akakitia kwenye droo, akaifunga. Akamwambia yule mzee, "Tosha kitabu."

Mzee akatazama huku na huku, akiwaza ni mtego gani huu. Halafu akazunguka meza ya hakimu, jambo ambalo sijaona mtu akilifanya kabla wala baada, akafungua droo, akatoa kitabu, akakiweka mezani mbele yake.

"Nitoshe na kingine?" akauliza.

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi ndiye aliyeketi kwanza. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba upande wa mashtaka unaomba maelezo ya mshtakiwa yachukuliwe upya. Hakimu akaagiza hivyo, akampa Ilunga dhamana, na mchungaji wa mtaa wetu akakubali kumdhamini na kumlaza nyumbani kwake.

Bado ilibaki Kazadi. Kila Jumamosi nilikwenda hospitalini na Ilunga. Alikaa kando ya kitanda akimwambia shemeji yake habari za nyama, kwamba angeweza kuila yote, kwamba atamnunulia nyingine. Wiki ya tano Kazadi alifumbua macho. Ya sita aliongea. Polisi walifika na kalamu, wakanikuta nipo. Walimuuliza nani alimjeruhi. Alifikiri sana, akasema, "Chuma ya mutuka," yaani ya gari. Nani alimweka nje? Akamnyooshea kidole Ilunga, akafunga macho akalala. Kesi ikaondolewa.

Baba alipata habari kabla sijafika kumweleza. Milima yetu haina siri. Alikuja mjini na mkungu wa ndizi, akakaa barazani kwangu, akanywa chai. Mwishowe akasema, "Kumbe serikali ilikupeleka usome Kifaransa ili ujue Kiswahili."

"Inaonekana hivyo, tata."

"Ni njia ndefu," alisema. "Lakini umefika."

Tangu hapo nilibadili ufundishaji, na ndicho ninachotaka mkichukue, kama mtachukua kitu. Vitenzi vya heshima niliendelea kuvifundisha, na r sikumsamehe mtu. Lakini kila msichana alikuwa na daftari dogo. Kila Jumamosi mchana tulikwenda maegesho ya malori, mimi mbele na wasichana ishirini nyuma na matroni kwa usalama, tukawauliza madereva wanaitaje hiki na kile, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili cha kwao, kwa lugha za mama zao. Madereva walisubiri siku hiyo. Baadhi walichana nywele. Mkuu wa shule alipata barua mbili za malalamiko kutoka kwa wazazi, akazijibu zote kwa ukurasa mmoja. Sikuwahi kuona alichoandika, ila malalamiko yalikoma. Baadhi ya wale wasichana wamekuwa walimu, wawili ni wakalimani, na mmoja anauza vitenge na kuwashinda wote kwa lugha. Wengine walisahau kila kitu, na hiyo nayo ni haki ya mwanafunzi.

Nimalizie na siku moja tu. Kabla ya kurudi kwao, na kabla hatujaanza kwenda maegesho, Ilunga na Kazadi walikuja shuleni kuaga. Kazadi alikuwa na kovu kutoka sikioni hadi utosini, na kofia ya kulifunika ambayo aliivua kwa adabu mlangoni. Yeye, tofauti na shemeji yake, alikuwa amesoma sekondari. Niliwaingiza kidato cha tatu bila kupanga lolote. Wasichana walisimama, wakaamkia, wakakaa, kila mmoja akatazama daftari lake. Miaka miwili walikuwa wamejifunza lugha ambayo hakuna aliyewahi kuwasemesha isipokuwa mimi na mtu wa redio.

Atupele, msichana mfupi wa benchi la nyuma ambaye kwa muhula mzima nilikuwa sijasikia sauti yake, akainuka. Alishika meza. Kwa Kifaransa, polepole, akiliweka kila neno kama anavuka mto kwa mawe, alimuuliza Kazadi kama kichwa bado kinamuuma.

Kazadi akamjibu. Hakumjibu kwa neno moja; alimjibu kama mtu anavyomjibu mtu, haraka, akicheka, akigusa kovu, akisema usiku wa baridi ndipo kinapouma, na kwamba Mbeya kila usiku ni wa baridi. Niliona macho ya Atupele yakimfuata, yakachelewa, yakakimbia, yakamfikia. Akacheka mahali pa kucheka. Darasa zima likageuka kumtazama, wakijua kwamba amesikia.

Nilifungua kinywa ili nimsaidie. Hakunitazama. Alikuwa tayari ana swali la pili.